Wazazi wa Mkuu wa Kaya

Wazo, Dar es Salaam
8 Februari 2025

Mzee Mwaijande,
Chanika.

YAH: OMBI LA KUMCHUMBIA BINTI YAKO LUSUNGU

Shikamoo mzee.

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Mzee Zahor, mshenga wangu aliyekuletea barua hii, aliniambia niifute sentensi hiyo kwa sababu siombi likizo. Nimeiacha, maana sijui kuanza barua ya heshima kwa namna nyingine.

Naitwa Elibariki Mfinanga, mtoto wa Mzee Eliamini Mfinanga wa Vudee, Same. Nilikutana na Lusungu kwenye semina ya walimu wanaofundisha afya mashuleni. Mimi ndiye niliyekuwa natoa mada. Aliuliza swali lililonitoa jasho mbele ya mabosi wangu, nikamtafuta baadaye ili nimjibu, na tangu hapo hatujaacha kuzungumza.

Nampenda. Nimetafuta neno lenye heshima zaidi ya hilo, sikulipata.

Mimi ni Mlutheri, nanyi ni Wamoraviani, na sioni shida hapo kama nanyi hamuioni. Ninaishi Wazo kwenye nyumba ya kupanga. Ni mchambuzi wa sera katika mipango ya afya ya umma. Nimeambiwa kwamba kwenu jibu la posa huja kwa maandishi, na kwamba mchumba hapigi hodi kabla ya jibu. Nitasubiri kwa adabu.

Wako mtiifu,
Elibariki E. Mfinanga


Chanika
19 Februari 2025

Mwanangu Elibariki,

Marahaba. Hiyo ni ya kaka yangu. Mimi ni Monica, shangazi yake Lusungu, nami unaniamkia, kwa hiyo chukua marahaba ya pili.

Kaka yangu siku hizi haipendi sana kalamu, kwa hiyo karani wa ukoo ni mimi. Nilipiga chapa barua za wakubwa mpaka nikastaafu, kwa hiyo hicho kichwa chako cha habari hakikunitisha. Kaka yangu ndiye aliyecheka mpaka akakohoa.

Mzee Zahor tulimpokea vizuri. Muungwana sana, ingawa kwenye ndizi za maziwa hakuwa na uungwana wowote. Tukamuuliza kazi yako. Akasema, "Kijana wangu anachambua."

Kaka yangu akauliza, "Anachambua nini, mchicha?"

"Sera, sheikh wangu."

Sie sera tunazijua zile za wakati wa kampeni.

Kwa upande wa dhehebu, mzee hana neno. Anachotaka kujua ni hiki. Daktari tunamjua. Nesi tunamjua. Hata anayepita kupulizia dawa ya mbu tunamjua. Wewe unasema umo kwenye afya lakini hushiki sindano. Sasa ukiondolewa kazini kesho asubuhi, ni mgonjwa gani atakayejua kwamba haupo?

Jibu swali hilo kwanza. Andika kama mtu, usiandike kama ofisi.

Shangazi yake,
Monica Mwaijande


Wazo
2 Machi 2025

Shangazi Monica,

Shikamoo, mbili.

Swali lenu nililibeba wiki nzima kama mtu aliyepewa mtoto wa watu ashike. Jibu fupi ni kwamba hakuna mgonjwa atakayejua. Jibu refu ni hili.

Tuna mpango wa kadi za matibabu tunaoujaribu kwa watumishi wa wilaya chache. Mtumishi anaandika majina ya wategemezi wake, wanatibiwa. Lakini nani ni mtegemezi? Kwenye kadi yako limeandikwa jina hili na si lile kwa sababu kuna sentensi mahali fulani inayosema hivyo, na sentensi hiyo haikushuka na mvua, kuna mtu aliiandika. Mimi ni mmoja wa watu hao.

Nikupe mfano wa ninayojivunia. Zamani mtumishi na mwenzi wake, wote wakiwa na ajira, kila mmoja alikuwa na kadi yake. Watoto wanaandikwa huku na huku. Kuna bibi wa Temeke tulimkuta kwenye kadi tatu, na nyumba ya jirani wapo watu hawana hata moja. Pesa za mpango ni zile zile. Basi nikapendekeza kanuni: kaya moja, kadi moja. Watu wakioana wanatumia kadi moja, na wazazi wanaoandikwa ni wazazi wa mkuu wa kaya. Ikapita. Nafasi zilizopatikana tukawapa watu wa mkataba: wapishi wa shule, wafagizi wa zahanati, walinzi. Kuna mama mmoja anapika uji shule ya msingi kule Mbagala, mtoto wake alipasuliwa ngiri kwa nafasi hizo. Hanijui na hana sababu ya kunijua. Mimi namjua, na siku ile nilirudi nyumbani nikiimba.

Hiyo ndiyo kazi yangu, shangazi. Natumaini mzee ameridhika.

Wenu,
Elibariki


Chanika
14 Machi 2025

Elibariki,

Barua yako ilisomwa mbele ya mzee na mbele ya Lusungu. Umeandika vizuri na tumekuelewa, pengine kuliko ulivyokusudia.

Binti anasema hayuko tayari kwa sasa. Hajasema hapana, usiandike hapana. Anasema tusubiri.

Mzee anakusalimu. Usije nyumbani.

M. Mwaijande


Wazo
22 Machi 2025

Lusungu wangu,

Nakupigia hupokei. Nakutumia ujumbe unanijibu "niko darasani" hata siku ya Jumapili. Ndiyo maana nakuandikia kwa karatasi, kama posa ya pili, safari hii kwako mwenyewe.

Nimekosea nini? Nimeisoma tena nakala ya barua niliyomwandikia shangazi, neno kwa neno, kama ninavyosoma rasimu ya mtu ninayemtafutia makosa. Sioni kosa. Je, nilijisifu? Kama nilijisifu nisamehe, nilitaka baba yako aone kwamba binti yake haendi kwa mtu asiye na kazi ya maana. Au ni mbali? Najua kutoka Wazo mpaka shuleni kwako ni kusafiri, lakini nilishasema nitahama. Nitakuja hata huko Chanika, nipande migomba na kaka yako Brightson siku akitoka gereji. Au ni Upare wangu? Wenzako walishakuambia kwamba Wapare tunapenda kesi. Sina kesi na mtu.

Au kuna mwingine? Nimeandika swali hilo nikalifuta, nikaliandika tena. Nimeliacha kwa sababu linaniuma, na sijui kujifanya haliniumi.

Niambie. Hata kama ni baya niambie, nijue ninachosubiri.

Elibariki wako


Chanika
30 Machi 2025

Eli,

Hakuna mwingine. Nianze na hilo ulale.

Kwenye simu nitalia, kwenye karatasi nitajikaza. Ndiyo maana sikupokea.

Nilikuambia baba ana presha. Si presha peke yake. Figo zake zimekufa. Mara tatu kwa wiki mimi au Brightson tunampeleka hospitali, analazwa kwenye mashine, wanamsafisha damu, anarudi amechoka. Bila mashine baba hana mwezi. Yeye ndiye aliyetukataza tusikuambie. Alisema ukijua, au ukoo wenu ukijua, itasemwa Mwaijande anamwoza binti kwa kijana wa afya ili apate matibabu. Bora afe, alisema, kuliko jina hilo.

Sasa kadi anayotibiwa nayo ni yangu. Brightson anatengeneza magari Kipawa, hana ajira ya kadi. Mama alishafariki. Kadi yangu ina jina langu na la baba, basi.

Eli, soma tena sentensi yako. Watu wakioana wanatumia kadi moja, na wazazi wanaoandikwa ni wa mkuu wa kaya. Siku nitakayosaini cheti cha ndoa, mkuu wa kaya ni wewe. Wazazi ni wako. Baba yangu anatoka.

Hatukujua kwamba sentensi ile ni yako. Niliijua tangu miaka kadhaa iliyopita kwa sababu ilibandikwa ofisi ya walimu, na nilikuwa nimepanga kukuuliza taratibu kama kuna njia. Shangazi alipoisoma barua yako kwa sauti, alipofika pale ulipoimba ukirudi nyumbani, baba aliangalia chini akasema, "Kijana mzuri." Akaomba maji.

Sikuchukii. Mama wa uji nimefurahi kwa ajili yake, kweli kabisa. Lakini nimesema tusubiri, na wewe umetaka kujua unachosubiri. Fikiri mwenyewe ni kitu gani kikitokea nitakuwa huru kuolewa. Mimi sitaki kukisubiri hicho.

Usiende kubadilisha kitu kwa ajili yetu. Watakufukuza, na baba akijua hatakubali.

Lusungu


Chanika
9 Aprili 2025

Mwanangu Elibariki,

Barua hii naandika mwenyewe, kaka yangu hajui, Lusungu hajui. Ukishaisoma ichome.

Lusungu kakuambia, nimeona machoni pake. Sasa nisikilize mtu mzima. Leteni wazee, toeni mahari, tuwabariki hapa hapa nyumbani, tule pilau, mlale nyumba moja. Cheti cha nini? Kazini Lusungu abaki hajaolewa. Kadi ibaki ilivyo.

Usidhani nimelitunga. Kwenye kwaya yetu ya akina mama kuna mwalimu, Demetria, ana mume na watoto wawili. Nilikwenda kwenye sherehe yake kwa miguu yangu hii. Kazini kwake ni bikira mpaka leo, kwa sababu ya mama yake mwenye saratani. Kuna nesi naye hivyo hivyo. Kuna yule karani wa kata, mumewe akija kazini kumchukua anajiita kaka yake. Sie tunacheka tu kanisani, lakini si kicheko hasa.

Wakubwa waliandika kana kwamba kila mzazi ana mtoto wa kiume mwenye ajira. Hata sikulaumu. Kwenu Upareni labda ndivyo mnavyowatunza wazazi.

Usiyaingize haya kwenye kompyuta yako.

Shangazi Monica


Wazo
21 Aprili 2025, Jumatatu ya Pasaka

Lusungu,

Shangazi ameniandikia na kuniambia nichome. Nimechoma. Amependekeza tuoane kimya kimya, cheti kisiwepo. Nakueleza kwa sababu sitaki siri nyingine kati yetu; ile moja imetosha.

Kuna jambo nataka ulijue kutoka kwangu. Mwaka jana niliandika taarifa. Niliona kwamba tangu kanuni ianze, watumishi wa kike wanaosema wameolewa wamepungua sana, na wa kiume hawajapungua. Hebu fikiri: wanaume wanaoa, wanawake hawaolewi. Wanaoa nani? Mtoto wa darasa la tano angeuliza. Mimi nikaandika kwamba gharama za maisha na masomo zinawachelewesha wasichana kuolewa. Nikachora na mchoro wa rangi. Bosi akanipongeza mbele ya wenzangu.

Walikuwa mbele yangu, Lusungu. Waliokuwa wanajificha kwa ajili ya wazazi wao, na wanaokataa kuolewa kama wewe, wote walikuwa kwenye mchoro wangu, nami nikawaita wasichana wenye malengo. Nimeona aibu ambayo sijawahi kuiona. Mimi ni mtoto wa kiume nyumba yenye watoto wa kiume. Baba na mama walipohitaji kadi nilikuwepo. Haikunijia kichwani hata siku moja kwamba kuna mzazi wa kuandikwa na binti.

Siwezi kutoa siri ya wale akina mama. Nikiisema ofisini, wa kwanza kutafutwa hatakuwa mzazi aliyekosa kadi, atakuwa mwalimu aliyedanganya. Nazijua akili za ofisi, ndizo akili zangu. Na siwezi kukubali wazo la shangazi, kwa sababu nitakuwa nimekuoa halafu nimekuficha ndani ya ule mchoro.

Nilichofanya ni hiki. Nilikwenda kwa bosi, Dk. Shamimu, nikamwambia: ile kanuni ina kasoro, na kabla hujanisikiliza ujue kwamba nina mchumba ambaye baba yake inamgusa. Akasema nimefanya vizuri kusema, kisha akaninyang'anya faili. Amempa Hope, mwenzangu. Sasa ninayeijua kanuni ile kuliko wote siruhusiwi hata kukaa chumba kimoja nayo.

Hope ameamua kukusanya maoni ya watu kwenye kata. Chanika ni Jumamosi ya tarehe 17 Mei, ofisi ya kata. Tangazo limeshabandikwa, kwa hiyo sikuambii siri. Sikuombi uende. Siruhusiwi kukuomba wala kuwepo.

Naogopa kukukosa. Naogopa pia kwamba nikikupata kwa njia mbaya nitakuwa nimemkosa baba yako. Sijawahi kumwona lakini nampenda kwa lile neno lake, "kijana mzuri," ambalo sikulistahili.

Elibariki


Chanika
1 Juni 2025

Eli,

Nilimwambia baba kila kitu, mpaka barua niliyokuandikia. Alinikasirikia siku mbili. Alisema nimemvua nguo barabarani.

Tarehe 17 niliamka mapema niende peke yangu. Nikamkuta sebuleni amevaa koti lake la kanisani, shangazi anamfunga vifungo kwa sababu ule mkono anaochomekwa mashine hauinuki vizuri. Sikuuliza. Brightson akatupeleka.

Watu walikuwa wengi. Yule Hope wako ni msichana mpole, ana sauti ndogo. Alieleza kanuni, akauliza nani ana maoni. Nilishaandaa maneno kwenye karatasi. Kabla sijasimama baba akawa ameshasimama, ameshika kiti cha mbele yake.

Akasema, "Mie naitwa Mwaijande. Figo zangu hazifanyi kazi. Nasafishwa damu kwa kadi ya binti yangu, huyu hapa, mwalimu. Amepata mchumba mzuri na amekataa kuolewa, kwa sababu akiolewa mie nafutwa. Sasa nawauliza nyie mlioandika. Nilimsomesha, nilimlea. Akivaa shela nakuwa baba wa nani?"

Akaendelea, "Sikumzaa ili awe kadi yangu. Lakini pia sijachoka kuishi. Yote mawili ni kweli, muyaandike yote mawili." Akaketi.

Nikaanza kulia mbele ya wanafunzi wangu wa zamani, aibu yote ikaisha hapo. Halafu Demetria akasimama. Nilishika roho mkononi. Hakusema chochote juu ya ndoa yake. Alisema tu, "Hata mimi nina mama." Akaketi. Akasimama nesi. "Hata mimi." Wakasimama wengine, mpaka nisiowajua, kila mmoja maneno hayo hayo. Hope aliacha kuandika akawa anawatazama.

Baba alilala tangu mchana mpaka kesho yake. Alipoamka aliuliza kama yule msichana wa ofisi aliandika yote mawili.

Nimekukumbuka sana. Naruhusiwa kusema hilo?

Lusungu


Wazo
20 Septemba 2025

Mzee wangu Mwaijande,

Shikamoo.

Uamuzi umetoka na nimeusoma kama watu wengine, ulipobandikwa ukutani ofisini. Kuanzia Oktoba, wanandoa wataandika wazazi wawili, wa upande wowote, kwa makubaliano yao. Hope alipigania wazazi wote, pesa hazikutosha. Lakini neno "mkuu wa kaya" limeondolewa, na hakuna atakayehojiwa kwa yaliyopita. Akina mama wa kwaya waambiwe.

Kwa hiyo nafasi ni mbili. Sisi tuna wazazi watatu walio hai: wewe, mama yangu ambaye ana presha ya kweli, na baba yangu. Nilipoona hilo nilikaa kwenye ngazi za ofisi. Miaka yote nimewaondoa watu kwa sentensi na sijawahi kumpigia simu hata mmoja wao.

Safari hii nilipiga. Nilimwambia baba yangu mwenyewe kwamba nikioa, jina lake litatoka. Alinyamaza. Kisha akasema, "Mimi nina tatizo gani? Napanda mlima kila siku. Mwandike mzee wa watu." Akabadilisha mazungumzo, akaniuliza kama mvua zimenyesha Dar.

Basi mzee, wewe umo. Naomba tena kwa unyenyekevu nimwoe Lusungu, kwa cheti, kanisani, mwanzoni mwa Novemba kama utaridhia. Baba na mama wanangoja neno lako.

Mwanao,
Elibariki


Chanika
5 Oktoba 2025

Mzee Eliamini Mfinanga,
Vudee, Same.

Mzee mwenzangu,

Hatujaonana. Mimi ni baba yake Lusungu. Dada yangu hutuandikia, lakini hii nimeandika mwenyewe, pole pole, kwa mkono unaokubali. Usishangae herufi.

Kijana wako ameomba binti yangu na mimi nimekubali. Nilikubali siku nyingi, sikuwa na njia ya kusema. Umelea vizuri.

Lakini siwezi kuoza kabla sijazungumza na wewe. Nimeambiwa kwamba nafasi yangu kwenye kadi yao ni yako, na kwamba umeiacha kwa sababu huumwi. Nashukuru mpaka sijui niseme nini. Sasa nikuambie kitu ambacho vijana hawakijui.

Mimi nilivimba miguu nikasema viatu vimebana. Nilikosa hamu ya kula nikasema dada yangu amezidisha chumvi. Nilichoka nikasema ni jua. Nilisema siumwi kwa muda mrefu sana, kwa sauti ya kawaida kabisa, na wote wakaniamini kwa sababu mzee akisema haumwi watoto hushukuru, hawaulizi tena. Kama ningesema mapema, daktari ananiambia, figo moja labda ingebaki.

Kijana wako ameandika kwamba ulinyamaza kwanza, halafu ukauliza habari za mvua. Mimi pia ningeuliza habari za mvua.

Kwa hiyo nakuuliza, mzee kwa mzee. Ni kweli huumwi? Usimjibu kijana. Nijibu mimi. Ukiniambia unaumwa, hatutavunja ndoa, tutakaa sisi wawili tupange nani anatangulia. Lakini sitakaa kwenye kiti cha mtu aliyenidanganya kwa wema.

Mkwe wako mtarajiwa,
A. Mwaijande


Vudee, Same
19 Oktoba 2025

Mzee mwenzangu Mwaijande,

Salamu nyingi za milimani.

Barua yako nilisomewa na mke wangu, na hapo ndipo nilipokamatwa, kwa sababu aliuliza kwa nini sikuifungua na kuisoma mwenyewe kama zamani. Nikasema miwani imepotea. Akaniambia, "Miwani umeivaa."

Jicho la kushoto limeingia ukungu tangu mavuno ya mwaka jana. La kulia limeanza kulifuata. Mlima naupanda kwa kuukariri. Sikumwambia mtu, na Elibariki aliponipigia niliona nikisema, wewe utakosa mashine kwa sababu ya jicho langu. Jicho na damu havilingani. Ndiyo maana nilinyamaza kidogo.

Lakini umeniuliza, na hakuna mtu aliyewahi kuniuliza namna hiyo, hata wanangu. Jana mke wangu na mimi tulishuka hospitali. Wamesema ni mtoto wa jicho, anatolewa, kazi ya siku moja kila jicho. Wamenipangia la kushoto katikati ya Novemba, na la kulia mwanzoni mwa Desemba. Mpaka vijana wasaini, jina langu bado lipo kwenye kadi ya Elibariki, na lako lipo kwenye kadi ya binti yako. Hakuna anayemnyang'anya mwenzake. Wakishanitoa ukungu, kiti ni chako bila kinyongo chochote, na sitakudanganya tena.

Kwa hiyo harusi isogezwe mpaka Januari. Mwambie Lusungu asubiri tena kidogo, safari hii anamsubiri baba mkwe wake tu. Nataka akiingia kanisani nimwone mwenyewe, nisisimuliwe na mke wangu.

Ndugu yako,
Eliamini Mfinanga